Nukta Arobaini na Moja za Ermete

Saa nne asubuhi Ermete Zanarini anakata kucha. Anazikata mpaka zinakaribia nyama, maana luti haitaki kucha, inataka ncha ya kidole. Luti ni ala ya muziki, binamu wa udi wa taarab, ina nyuzi za utumbo wa kondoo. Akimaliza anapiga kidogo, anaacha, anaikazia macho karatasi.

"Huyu mtu ananidanganya," anasema.

Ermete ana miaka 57. Anakaa Bologna, ghorofa ya nne, na dada yake Nives. Kazi yake ni kupiga nyimbo za miaka mia tano iliyopita. Mwaka jana alipata maonyesho tisa tu, mengi ya euro mia tatu.

Sasa muuza vitabu vya kale, Gualtiero Foschi, anadai kapata daftari la nyimbo za enzi hizo, na kamtumia picha za kurasa zake, ndizo zilizo kwenye karatasi ile. Anataka Ermete azipige Jumamosi, kisha asaini kwamba ni za kweli. Akisaini, anapewa maonyesho ishirini.

"Saini tu, kaka, tupumue," anasema Nives, anakunja tortellini, tambi za kujazwa nyama, jikoni. "Wewe hata padri akisema Krismasi ni Desemba unaangalia kalenda!"

Kinachomkera Ermete ni nukta. Zamani zile nyimbo za luti ziliandikwa kwa namba; dole gumba lilipiga pigo zito, kidole cha shahada kikapiga jepesi, na mwandishi akaweka nukta chini ya kila namba ya kupigwa na kidole cha shahada. Kwenye daftari hili nukta zimekaa kwenye mapigo mazito, mahali pa dole gumba.

Foschi anapiga simu. Ermete anaweka spika.

"Maestro, mwandishi alichoka, akakosea."

"Mara moja, sawa. Mara arobaini na moja? Alichoka, au kazaliwa juzi?"

"Kazi unataka au hutaki?"

"Naitaka sana. Niletee daftari lenyewe. Umenitumia picha tu."

Simu inakatwa.

"Haya, kazi umeshaifukuza," anasema Nives.

"Labda. Na labda mimi ndiye nimekosea." Anasema taratibu, kama hataki masikio yake yasikie.

Halafu anavaa koti. Mjini wapo wapiga luti wengine wawili ambao Foschi anaweza kuwaomba saini. Mmoja Ermete alimfundisha mwenyewe, huyo hana wasiwasi naye. Wa pili ana mkopo wa nyumba. Ermete anataka amfikie kabla ya Foschi, amwonyeshe karatasi.

"Namjua yule," anasema mlangoni. "Ataniuliza Foschi analipa ngapi. Namwomba Mungu jamaa aangalie nukta kwanza."