Mtegaji Aliyekwenda Kikaoni na Fundo Moja

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mwanamume mwenye ndevu za mvi amechuchumaa kwenye umande. Anatazama shimo jembamba ardhini, upana wake kama kidole gumba. Mkononi ameshika kamba ya katani iliyobaki na fundo moja.

Jana jioni kamba hiyo ilikuwa na mafundo ishirini na moja, kwa kuwa alitega mitego ishirini na mmoja. Ndivyo anavyofanya kazi. Akitega mmoja, anafunga fundo. Asubuhi akiufikia na kuukagua, anafungua fundo lake. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kurudi nyumbani na fundo, na wenzake wakampa jina la Mafundo.

"Kigingi kimeng'oka," anasema hatimaye. "Kimeondoka na waya, na waya umeondoka na mnyama."

Anagusa alama iliyo mbele ya shimo. Si ya ndezi, yule mnyama wa kwenye matete anayemaliza mazao ya watu, ambaye Mafundo ana kibali cha kumtega. Ni alama za kwato ndogo, mbili mbili. Ni paa, na paa hayumo kwenye kibali.

"Siku zote zilizokuwepo, iwe leo!" anasema, kisha anatamka jina la Mungu polepole na kusimama.

Leo saa nne kuna kikao cha kukusanya maoni juu ya rasimu ya sheria inayotaka kupiga marufuku utegaji wote wa wanyamapori katika eneo hili. Wategaji wenye vibali ni thelathini na mmoja, na wamemchagua Mafundo awasemee. Hawakumchagua kwa ufasaha wake. Walimchagua kwa sababu ya kamba yake.

Maneno aliyoandaa ni machache na anayajua kwa moyo: "Mtego wa mwenye kibali haupotei."

Anafuata mburuzo wa kigingi kwenye nyasi hadi ukingo wa kijito. Hapo mburuzo unaingia kwenye matete marefu kuliko mtu na kupotea. Anaingia mpaka magotini. Anasikiliza. Anazunguka upande wa pili, anarudi. Saa nzima inapita hivyo, suruali imelowa, na fundo bado liko palepale.

Kosa lenyewe analijua, na halimtupii mtu mwingine. Juzi ilinyesha.

"Ardhi ikilowa, kigingi kinaongezwa shibiri moja. Hata aliyeanza kutega jana anajua," anasema. "Sasa mimi jana natega huku nahutubia. Niko peke yangu kichakani, 'mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa mwenyekiti', kama mtu aliyerukwa na akili. Mkono ukapiga kigingi kama ardhi kavu."

Nyumbani ni vyumba viwili na baraza. Ukutani, juu ya msumari, kuna kibali ndani ya mfuko wa nailoni ili kisishike moshi. Mke wake anapiga pasi ya mkaa shati jeupe juu ya blanketi lililokunjwa. Anainua macho, anaiona kamba kabla hajamwona mume.

"Hicho nini?"

"Fundo."

"Naona ni fundo, baba. Sikuuliza kama ni ndizi. Linafanya nini humu ndani?"

Anamweleza. Mama huyo anairudisha pasi kwenye kisahani chake. Jambo hili linamgusa pande mbili. Ofisa wanyamapori anayeisimamia rasimu hiyo ni mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja. Tangu rasimu itoke, miezi miwili sasa, kijana hajala chakula katika nyumba hii.

"Mume wangu anataka kutega, ndugu yangu anataka kumzuia," anasema, "na anayewapikia wote wawili ni mimi."

Wiki nzuri, Mafundo hupata ndezi sita. Wiki mbaya hupata mmoja, au harudi na kitu. Ndezi mmoja huendesha nyumba siku tatu: unga, mafuta, sabuni. Binti yao wa mwisho yuko mwaka wa pili wa uuguzi, na karo yake imetoka kwenye waya hizohizo.

"Iache hiyo kamba hapa uende," mke anamwambia akimpa shati. "Nani atakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi. Kibali kikifutwa tutaitafuna hiyo kamba?"

Mafundo anafunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka shingoni. Kisha anaikunja kamba na kuitia mfuko wa kifuani.

Ukumbi umejaa kabla ya saa nne. Viti vya plastiki havikutosha, na wengine wamesimama madirishani wakiwazibia wenzao hewa. Ofisa wanyamapori, kijana mrefu wa sare iliyonyooshwa, anamimina gunia mezani. Zinaanguka waya za mitego, zenye kutu na zisizo na kutu, nyingine bado zina manyoya.

"Hizi ni mia mbili na kumi na nne," anasema. "Tumezitoa porini ndani ya miezi minne. Hakuna hata moja yenye mwenyewe."

"Hizo ni za majangili!" anafoka mtegaji mmoja wa safu ya mbele, ambaye kwa ukubwa wa sauti yake huitwa Radi. "Mwenye kibali zinamhusu nini? Mwambie, Mafundo! Mwambie shemeji yako, kama anakuogopa huko nyumbani akuogope na hapa!"

Ukumbi unacheka. Hata mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, anafunika mdomo kwa daftari.

Mafundo anasimama. Watu wanapiga makofi kabla hajasema neno. Anangoja makofi yaishe. Mkono wake uko kifuani, juu ya mfuko.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nilikuja na maneno," anaanza. "Nimeyafanyia mazoezi siku nne. Asubuhi hii yameharibika."

Anaitoa kamba na kuiinua juu.

"Hili fundo ni mtego wangu mmoja. Sijui uliko. Umekwenda na paa. Kigingi nilikipiga kifupi, mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Radi anasimama mpaka kiti chake kinaanguka.

"Kaa chini! Umetuuza!"

"Sijauza kitu. Nasema kilichotokea."

"Kilichotokea kwako, kiseme nyumbani kwako! Sisi tulikuleta hapa ututetee!"

"Jina hilo tulikupa bure!" anadakia mwingine kutoka dirishani.

Mwenyekiti anagonga meza mara tatu. Mafundo hajakaa. Jasho linamtoka kwenye paji la uso, lakini sauti yake haipandi.

"Sitaki sheria hii ipite. Nina nyumba, kama ninyi. Lakini mimi ninayehesabu nimepoteza mmoja. Asiyehesabu amepoteza mingapi? Mwenye kamba yake aitoe tuone." Anawatazama wenzake safu kwa safu. Hakuna anayeingiza mkono mfukoni. "Basi badala ya kutukataza, tufungeni kwa masharti. Kila kigingi kiwe na namba ya mtu. Ikinyesha, mitego itolewe. Na anayepoteza aseme siku hiyohiyo, aadhibiwe siku hiyohiyo. Nianzeni mimi."

Anaketi. Hakuna anayempigia makofi safari hii. Watu wawili waliokaa karibu naye wanavuta viti vyao pembeni.

Kufikia saa saba, mwenyekiti anatangaza kwamba uamuzi umeahirishwa kwa siku thelathini, na kwamba pendekezo la namba kwenye vigingi litaandikwa kando ya rasimu. Watu wanatoka wakibishana. Radi anapita mbele ya Mafundo bila kumtazama.

Nje, chini ya ngazi, ofisa ametoa kitabu chake cha fomu.

"Shemeji, lazima nikuandikie."

"Andika. Jina langu unalijua, hutasumbuka."

"Kibali kinasimamishwa mpaka shauri lako lisikilizwe. Mitego yote itolewe leo." Kalamu yake inakwenda polepole kuliko inavyohitajika. "Kwa nini hukuniambia pembeni? Ningejua la kufanya."

"Ndiyo sababu sikukuambia pembeni."

Kijana anachana karatasi, anampa nakala. Anaitazama suruali ya shemeji yake, iliyokauka na matope mpaka magotini.

"Yule paa ulimpotezea wapi?"

"Kwenye matete, juu ya kijito."

"Nina viatu vya mpira kwenye gari."

Wanatafuta mchana wote, mmoja ukingo huu, mwingine ule. Hawaongei, isipokuwa kuitana wasipoteane. Saa kumi na nusu ofisa anapiga mluzi. Kigingi kimenasa katikati ya mizizi, na waya umekatika ukiwa na nyuzi zilizochanuka. Kuna damu kwenye jani, kidogo, imeshakauka. Paa hayupo.

"Ameukata," anasema kijana.

"Na kitanzi amekwenda nacho mguuni."

"Lakini mtego umepatikana, shemeji. Fungua fundo lako upumzike."

Mafundo anageuza kigingi mkononi. Anakipima kwa shibiri, kama vile anataka kuhakikisha alichokosea.

"Nimepata kigingi," anasema, na kamba inarudi mfukoni na fundo lake.

Jua linapoelekea kuzama, mitego ishirini iliyobaki imekwishatolewa porini na kukunjwa. Inaning'inia barazani. Ndani, ule msumari hauna kitu; kibali ameshakichukua ofisa. Mke wa Mafundo amepakua, na mdogo wake amesimama mlangoni.

"Nina karatasi za kupeleka ofisini, dada."

"Karatasi zina miguu? Zitakusubiri. Kula."

Kijana anapokea sahani na kula amesimama, ili watu wasije wakasema amekaa meza moja na mtuhumiwa. Dada yake anamtazama mpaka anamaliza, kisha anamwongezea bila kumuuliza.

Kwa mwezi huu mzima Mafundo hatatega. Ameomba kibarua cha kupalilia kwa mwenye shamba la jirani, ambaye mahindi yake yamekuwa yakilindwa na mitego hiyo. Malipo yatakuwa kama nusu ya alichokuwa akipata. Kwa mke wake amesema tu kwamba Mungu hajawahi kuwalaza na njaa, na mke akajibu kwamba Mungu alikuwa akimtumia ndezi.

Wenzake watakavyomwona, hilo hana uwezo nalo. Siku ya thelathini anasema atarudi ukumbini, hata wakimwachia kiti cha peke yake.

"Nikimpata yule paa, nitakwenda na kamba iliyonyooka," anasema. "Nisipompata, nitakwenda nayo hivihivi. Nitaiweka mezani kwa mwenyekiti walitazame fundo kwanza, halafu ndiyo waamue juu yetu."

Anachukua viatu vyake vilivyolowa na kuviegemeza karibu na jiko vikauke. Ndani ya kimoja anatia koleo la kukatia waya, asije akalisahau. Kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa kwenye matete. Hatabeba mtego.