Wino wa Dhahabu Ulioziba Printa

Watu wa mtaa walimwita Injinia, naye kwa miaka mingi aliamini kuwa ni jina la heshima. Alikuwa na chumba cha kuchapisha kadi, kati ya kinyozi na zahanati, na kila kifaa kilichoingia mle alikifungua ili aone kinavyofanya kazi. Vingi havikufanya kazi tena. Mkewe alikwisha kumpiga marufuku kugusa pasi, na redio ya mama yake, iliyokuwa nzima kabisa alipoichukua, ilikaa kwenye kapu, vipande vipande.

Mdogo wake wa kike alipochumbiwa, alikuja dukani na ombi moja.

"Kaka, nataka kadi zenye maandishi ya dhahabu. Ziwe zinang'aa."

Mtu mwenye akili zake angemwambia kuwa printa ile haina wino wa namna hiyo. Injinia akamwambia, "Niachie mimi."

Akatafuta pakiti ya unga wa dhahabu, ule wa kupambia fremu za picha. Akasoma maelezo ya nyuma, akapiga hesabu, kisha akamwita mkewe aje asikilize. Printa, alieleza, hurusha wino kupitia matundu membamba kuliko unywele. Na punje ya unga huu ni nusu tu ya upana wa tundu!

"Sasa niambie, kitu kidogo kitashindwaje kupita kwenye tundu kubwa?"

"Mimi sijui," mkewe akasema. "Ila sura hiyo ndiyo uliyokuwa nayo siku ya redio."

Akachanganya unga na wino wa manjano, akakoroga, akajaza kwenye printa. Kadi ya kwanza ilitoka inameta mpaka akaibusu. Ya pili ikawa na mistari myeupe. Kwenye ya tatu, bwana harusi alibaki na nusu ya jina. Iliyofuata ikatoka nyeupe pee.

Hapo ndipo busara ingemfaa. Yeye akachukua bomba la sindano, akalijaza maji, akalibana kwenye kichwa cha printa, penye yale matundu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Bomba likachomoka, maji ya dhahabu yakamrukia usoni. Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akampigia makofi.

Ikabidi akichomoe kichwa kile na kujikaza kwenda nacho zahanati, penye darubini. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mpimaji kwenye maabara ya pale. Alimkuta anakula. Shemeji akaziona ndevu zinazometa, akameza kwa shida, akajitahidi asicheke.

Wakakiweka kichwa cha printa chini ya darubini, shemeji akakimulika ubavuni kwa tochi ya simu.

"Hebu ona mwenyewe."

Injinia akainama. Tundu lilionekana kubwa kama mlango, na pale mlangoni punje zilisongamana, zimeegemeana kama upinde, kila moja ikizuia nyingine isipite. Nyingine zilikuwa zimenata pembeni, na juu yake zikanata nyingine.

"Lakini kila moja ni ndogo kuliko tundu!" akalalamika.

"Kweli, shemeji. Ila hazikuja moja moja. Mbili tatu zikifika pamoja zinakabana, halafu zinazofuata zinaziba kabisa. Ulisukuma kwa nguvu?"

Injinia akakohoa. "Kidogo."

"Basi umezishindilia."

Akajiinamia, kisha akaanza kujicheka mwenyewe. Hesabu yote ile alikuwa ameipigia punje moja, halafu akamimina pakiti nzima.

Shemeji akamshauri avute maji kwa nyuma, taratibu, badala ya kusukuma. Baadhi ya matundu yakazibuka, mengine yakagoma katakata. Bahati yake, upande wa wino mweusi hakuwa ameugusa.

Akaenda kwa mdogo wake, kichwa chini. "Nimeharibu."

"Najua, kaka. Kwa nini unadhani nilikuja mapema hivyo? Nilitenga muda wa wewe kuharibu."

Basi kadi zikachapwa kwa wino mweusi. Injinia, mkewe na bibi harusi wakakaa mezani, wakapaka gundi juu ya majina kwa brashi nyembamba, wakanyunyizia unga uliobaki. Siku ya harusi kila mgeni alikuwa na dhahabu vidoleni, na baba wa bwana harusi alikuwa nayo puani.

Mzee huyo akauliza ni mashine gani iliyotoa kazi nzuri namna ile.

"Ni mikono tu, mzee," Injinia akasema. Angeishia hapo angekula vizuri. Lakini akavuta kiti, akaanza kumweleza habari za matundu, na mzee wa watu akamsikiliza kwa adabu mpaka chakula cha wote wawili kikapoa.