Ubeti wa Pili Ulipokutana na Adhana

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utamaduni alinionesha kinanda kilichobakiwa na nusu ya sauti zake, akasema, "Bi Salma, hii ndiyo ofisi yako." Nikakipiga hivyo hivyo. Nimefundisha kwaya skuli za Uroa, kisha mjini, mpaka nikazeeka, na nnasema bila ya haya: kazi hii nliijua.

Sisi tulifundisha kwa do, re, mi, na somo la mwanzo lilikuwa kushika sauti. Unaisikia mara moja, unaiweka kifuani, hata wimbo ukisimama huipotezi. Nyinyi wa leo simu inakushikieni kila kitu, haya.

Mwaka wangu wa mwisho nlipewa makundi mawili yaimbe wimbo mmoja sherehe za Muungano: wanawake wa kaswida wa Bi Zuhura, kutoka Mlandege, na kwaya ya kanisa ya Mama Roza. Kaswida huimba sauti moja wote. Kanisani hugawana nne. Nikawapa kaswida sauti ya kwanza, kanisa zile tatu za chini. Walivutana wiki nzima. Afisa mpya akaniambia, "Wakiharibu, mwakani kila kundi litaimba peke yake." Maneno yale yalinikaa rohoni.

Siku yenyewe hotuba zikawa ndefu, kama kawaida yetu, na wakati wetu ukapita. Tumefika ubeti wa pili, adhana ya alasiri ikaanza. Nikashusha mkono. Wote kimya, kaswida na kanisa, vichwa chini. Afisa akaninong'oneza, "Basi, teremkeni."

"Subiri, baba," nikamwambia. Kinanda hakikuwepo, na mie mwenyewe ile sauti ishaniponyoka.

Adhana ikamalizika. Nikanyanyua mkono tu. Bi Zuhura na wenzake wakaingia palepale walipoachia, na wa Mama Roza wakawapokea, hapana aliyeteleza. Nlilia mbele za watu, na sikujifuta.

Tuliposhuka, Afisa akatujia anacheka. "Haya, mwakani nikupangieni wapi, makundi mawili haya?"

"Makundi mawili yepi?" akauliza Bi Zuhura, mkono wake umo mkononi mwa Mama Roza.

Sasa nshastaafu. Kila sherehe hunialika nikae mbele, nami naringa. Niacheni niringe.