Kurasa Mbili za Krimu

Nilimsikia kabla sijamwona. Nyuma ya pazia la plastiki mtu alikuwa akivuta kohozi, polepole, bila haraka yoyote, kutoka mahali pa mbali sana kifuani. Likafika kooni, likageuzwa mdomoni mara mbili, kisha likatua ndani ya kopo, na kwa mlio wake nikajua kopo halikuwa tupu. Nilisimama kwenye kizingiti cha ile ofisi ya mtaa wa Hai Amarat, mjini Juba, nyuma ya hoteli, nimekumbatia riwaya yangu ya kwanza, nikatambua kwamba huyo ndiye angekuwa mchapishaji wangu, maana hapakuwa na mwingine.

Kazi yake hasa ilikuwa kadi za harusi, kalenda za makanisa na vijitabu vya maziko. Riwaya hakuwahi kuchapisha. Wenzangu wa kikao cha waandishi, tuliokuwa tukikutana kila Jumamosi kwenye mgahawa wa jirani, ndio walionielekeza kwake, na walinielekeza huku wakitabasamu ndani ya vikombe vyao. Wao waliandika kwa Kiingereza na Kiarabu, kuhusu vita na taifa. Mimi niliandika kwa Kiswahili nilichojifunza shuleni Kenya, miaka ya ukimbizi, kuhusu mwanamke anayempenda baharia wa tishari.

"Hayo ni mambo ya saluni," mmoja wao aliniambia, akidhani amenitukana.

Yalikuwa mambo ya saluni kweli. Riwaya ile yote ilitungwa sokoni Custom, katika chumba cha mabati nyuma ya maduka ya jumla, kwa mama mmoja Mganda aliyekuwa msusi wangu. Rasta ndogo huchukua saa tano au sita, na mwanamke aliyekaa saa sita bila kugeuza shingo husikiliza chochote. Nilianza kwa kuwasomea wateja kurasa chache nikingoja zamu yangu. Baadaye msusi akaweka sheria: sura moja kwa kichwa kimoja. Sura ikiisha kabla ya kichwa, nilitakiwa nibuni ya mbele papo hapo. Kichwa kikiisha kabla ya sura, mteja alikataa kuinuka kitini. Hiyo ndiyo shule yangu ya uandishi. Pabaya nilipajua kwa sababu watu walianza kujikuna. Pazuri nilipajua kwa sababu mikono ya msusi ilipunguza mwendo.

Na hadithi yenyewe ilikuwa yake. Alinipa alasiri moja ya mvua, soko limefunga, bati linapiga kelele juu yetu hata ikabidi aniinamie sikioni.

"Mimi ilikuwa mweusi," alisema. "Mweusi sana, mpaka yule mwanaume alikuwa anasema, yeye iko naona mimi kutoka kwa maji, kabla tishari hajafika bandari."

Mwanamume huyo alifanya kazi kwenye matishari yanayoteremka mto kuelekea kaskazini. Aliondoka safari ya miezi mingi. Wanawake wenzake wakamwambia msusi kwamba huko kaskazini wanaume huzoea weupe, basi akaanza kujipaka krimu, asubuhi na jioni, miezi yote hiyo, ili mtu wake akirudi amkute anang'aa. Siku tishari liliporudi alisimama bandarini mbele ya watu wote.

"Alinisalimia mzuri. 'Habari, mama.' Akapita."

"Hakukutambua?"

"Nikaita yeye kwa jina. Akarudi, akaangalia mimi, akaangalia. Akauliza, nani amekufanya hivi? Nikasema, ni mimi. Akachukua mzigo yake akaenda."

Alikuwa ameacha krimu zamani. Lakini shavu lake la kushoto lilibaki na mabaka, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila jua la saa sita lilimuuma kama chumvi kidondani.

"Kwa kitabu yako," aliniambia, "huyo msichana usipake yeye kitu. Abaki vile Mungu alitengeneza. Mwanaume aone yeye kutoka kwa maji. Hiyo moja tu mimi naomba."

"Nimekuahidi, Mama."

Niliandika hivyo. Katika sura ya mwisho baharia anasimama ubavuni mwa tishari, bandari bado ni mstari tu, na katikati ya umati anaona doa moja jeusi linalong'aa kuliko maji. Msusi alipoisikia mara ya kwanza aliacha nywele za mteja, akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Mchapishaji aliipenda riwaya. Niliona jinsi alivyoipenda: alilowanisha kidole gumba kwa ulimi katika kila ukurasa, akakibandika kwenye pembe ya karatasi, akafunua. Huku mkono wa pili ulikuwa kwenye sahani ya ful, ukichota maharage kwa mkate. Alipofika kwenye busu la kwanza, tone la mafuta lilianguka juu ya mistari hiyo. Nililitazama likienea, likiyafanya maneno yangu yaonekane upande wa pili wa karatasi.

"Ya biniya," aliniita, kama wazee wa Juba wanavyomwita msichana yeyote, "hii ni tamu. Lakini karatasi nani atalipia? Hapa kwetu, mwenye kulipia karatasi, sura yake inakaa mbele."

"Mbele wapi? Hii ni riwaya, Mzee."

"Hata maziko inakaa mbele."

Akanionyesha kijitabu cha maziko. Ukurasa wa kwanza mfanyabiashara wa saruji, ndani ya suti, meno nje. Ukurasa wa pili, marehemu.

Mfadhili wangu alipatikana wiki ile ile: muuzaji wa vipodozi wa pale pale Custom. Picha yake mbele nilikubali. Nilijiambia wasomaji watafunua haraka. Tangazo la krimu yake nyuma ya jalada nalo nilikubali, nikijiambia kwamba kitabu husomwa upande wa ndani. Kisha mchapishaji akaniita tena. Alikuwa akichokoa meno.

"Tajiri anauliza, huyo msichana yako mbona hatumii?"

"Hatumii nini?"

"Krimu. Ukurasa mbili tu. Baharia anarudi, anakuta yeye anawaka kama taa. Utaandika, ama tuache kitabu?"

Nilikataa siku nne. Siku ya tano niliandika.

Hakuna aliyenishika mkono. Hilo ndilo linalonipanda kooni hadi leo nikikumbuka, zaidi ya kopo, zaidi ya kidole kile chenye mate. Niliketi asubuhi, kabla joto halijaanza, nikaziandika zile kurasa mbili kwa kikao kimoja, na nikaziandika vizuri. Niliandika ubaridi wa krimu kwenye paji la uso. Niliandika kifuniko kinavyofunguka kwa pumzi ndogo, kama mtu anayeshtuka usingizini. Niliandika uso ukibadilika siku baada ya siku ndani ya kioo kilichopasuka, na baharia akimtazama kutoka kwenye maji na kusahau kufunga kamba. Kalamu haikukwama hata mara moja. Nilipomaliza nilikuwa na njaa, nikala.

Tajiri alikuja ofisini kuona picha yake. Alinipa mkono, mkono mzito wenye harufu ya waridi na dawa ya hospitali, na ulipoachia, wangu ulibaki unateleza. Niliusugua kwa sabuni, kisha kwa majivu, na harufu ikabaki. Yeye mwenyewe alikuwa mweusi safi. Hakuwa amejipaka hata tone.

Kwenye kikao cha Jumamosi walipitisha nakala ya kwanza mkono kwa mkono. Wakacheka picha ya tajiri. Kisha yule wa mambo ya saluni akafungua kurasa zile mbili, akasoma kimya, akaacha kucheka.

"Hapa," aliniambia. "Hapa wewe ni mwandishi."

Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru.

Uzinduzi ulipangwa kwenye hoteli ya Hai Amarat, saa kumi na moja jioni. Asubuhi ya siku hiyo msusi aliniita saluni ili anisuke bure, zawadi yake. Nilienda na katoni ya vitabu. Yeye hakujua kusoma. Kila alichokijua cha riwaya ile alikipata kinywani mwangu, na hesabu yangu ilikuwa rahisi kwa namna inayonuka: ningeziruka zile kurasa kila nitakapomsomea, leo na siku zote, na ahadi ingebaki nzima masikioni mwake.

Aligeuza kitabu, akaona mkebe wa krimu nyuma ya jalada. 

"Hii nini?"

"Tangazo tu, Mama. La mwenye karatasi."

"Sawa. Soko ni soko." Akanikalisha, akagawa nywele zangu kwa mkia wa kitana. "Leo kichwa ni yako, lakini sheria ni sheria. Soma ile ya mwisho."

Nikasoma. Kwenye kiti cha pembeni alikaa msichana Mkenya, muuza simu, nywele zake zimefungwa taulo. Alikuwa amechukua nakala kutoka kwenye katoni na kunifuata mstari kwa mstari. Rasta zilikuwa zimefika nusu ya kichwa nilipofika pale. Nilivuta pumzi, nikaruka, nikaendelea na tishari likitia nanga.

"Dada, umeruka," akasema yule msichana.

"Sijaruka."

"Umeruka page mbili. Hapa kuna mambo ya krimu. Kwani unatuficha utamu?" Akacheka. "Mama, mwambie asome yote."

Vidole kichwani mwangu vilisimama.

"Soma yote," msusi alisema.

Ningeweza kubuni. Nilifunzwa kubuni kwenye kiti kile kile. Lakini msichana alikuwa na kitabu mkononi, basi nikasoma: kifuniko, pumzi, ubaridi kwenye paji la uso. Sauti yangu, iliyozoea chumba kile, ilisoma vizuri bila kuulizwa. Msichana alisema, "Wacha!" kwa furaha, kisha akamwona msusi, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Nilipomaliza nilisubiri aniambie niondoke. Nusu ya kichwa changu ilikuwa rasta, nusu imesimama kama kichaka. Mikono yake ikarudi.

"Mama," nilisema.

"Kaa chini. Mimi haachi kichwa nusu."

Alisuka saa tatu nyingine. Hakunivuta kwa hasira, laiti angenivuta. Alisuka kama siku zote, kila mstari umenyooka, na kila kidole chake kilipogusa ngozi ya kichwa changu nilijisikia mchafu mahali hapo. Mwishoni alichovya ncha kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo safi, akanipa kioo. Nilikuwa sijawahi kupendeza namna ile.

"Nitamwambia mchapishaji azitoe hizo kurasa," nilisema. "Toleo lingine."

"Aliandika nani?"

"Mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyewahi kulisikia jibu hilo bandarini, kwa sauti yake mwenyewe. Akainama, akafunga katoni yangu kwa kamba ya nailoni, mafundo mawili, akaniwekea mikononi.

"Kichwa kimekwisha," alisema. "Enda, watu wako wanangoja."

Nikatoka na kitabu changu cha kwanza kwenye jua la Custom. Nyuma yangu nilisikia mlango wa bati ukikwaruza sakafu, kisha komeo likiingia.