Kijiko cha Bibi Philomène

Ufunguo wa kanisa la kijiji chetu, Vaubrelle, ni mrefu kuliko mkono wangu kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Kwa miaka mingi ulining'inia jikoni kwetu, kwenye msumari ulio kando ya jiko la kuni. Alianza kuutunza bibi yangu Philomène, akafuata mama, kisha mimi. Mgeni aliyetaka kuliona kanisa alibisha mlango wetu. Ukiwa unakanda unga, unapangusa mikono na kwenda. Ukiwa unakamua, mgeni anangoja umalize. Siku za mvua mlango wa kanisa huvimba, inabidi uusukume kwa nyonga huku ukizungusha ufunguo. Hayo hayajaandikwa popote.

Mwaka niliotimiza hamsini, mabasi ya wastaafu yalianza kuja kutoka mji wa Limoges kila Jumapili. Asubuhi kanisa letu, adhuhuri nyama ya bata kwenye mkahawa, alasiri ngome iliyobomoka kule mlimani. Meya wetu, Fernand Roubeyrol, akaingia jikoni kwangu na kofia yake kichwani.

"Mauricette, naomba ufunguo. Sasa tumepata mtaalamu."

"Mtaalamu wa kufungua mlango?"

"Wa kueleza. Wageni wanauliza maswali. Wewe hata ule ubao wa pale nje huwezi kuusoma."

Ni kweli siwezi. Vita vilipoanza nilikuwa darasa la kwanza. Baba akachukuliwa jeshini, mimi nikakabidhiwa ng'ombe. Roubeyrol anayajua hayo kuliko mtu yeyote, maana miezi ile michache tulikaa benchi moja. Yeye aliendelea, mimi nikabaki malishoni. Aliutoa ufunguo msumarini kwa mkono wake. "Kufagia endelea tu," akasema, kana kwamba ananipa zawadi.

Niliendelea. Aliyenikosea ni Roubeyrol, kanisa halikunikosea kitu.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Clothilde, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye vyeti. Jumapili moja ya Septemba alisimama na wastaafu arobaini nyuma ya kanisa, mahali ambapo jiwe la ukuta limechimbika mikwaruzo mirefu, mingine inatosha kuzamisha kidole. Roubeyrol alikuwa kando yake, amevaa tai. Mimi nilikuwa nazoa majani.

"Hapa," alisema Clothilde, "wapanda farasi walinoa panga zao kabla ya kwenda vitani."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mimi nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe.

"Bi Mauricette," akasema Clothilde, "kuna kitu nimekosea?"

"Endelea na ziara, binti yangu," Roubeyrol akadakia. "Huyu ni wa usafi."

"Mwache aseme," akasema mzee mmoja mnene. "Tumekaa kwenye basi saa mbili, angalau tucheke na sisi."

Nikaegemeza ufagio ukutani. "Tazameni mikwaruzo ilipo. Yote iko chini ya kiuno. Mpanda farasi gani anapiga magoti matopeni, nyuma ya kanisa, kunoa upanga? Hao ni wanawake. Mtoto akishikwa na homa, mama yake alikuja hapa, akapiga magoti, akakwangua unga wa jiwe, akamtilia kwenye supu. Mimi mwenyewe nimeunywa. Wakati wa vita, daktari hakuna, dawa hakuna. Bibi yangu alikwangua hapa siku tatu."

"Supu ya kanisa!" akasema yule mnene. "Ndiyo maana ya pale mkahawani ina mchanga."

Wakacheka wote, na Roubeyrol akacheka zaidi ya wote. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Nilikwenda, nikafungua droo, nikarudi na kijiko cha chuma cha bibi. Kimelika upande wa kulia tu, kama mwezi ulioanza kupungua, kwa sababu Philomène alitumia mkono wa kushoto. Nikapiga magoti, nikakiweka ndani ya mkwaruzo wa tatu kutoka pembeni. Kikakaa barabara, hakikucheza hata kidogo.

Kicheko kikaisha. Bibi mmoja mwembamba akatoka kwenye kundi, akapiga magoti kando yangu kwa taabu, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. "Na mama yangu alifanya hivi," akasema. "Kwa kaka yangu."

Clothilde alikitazama kijiko kwa muda. "Mimi nilisoma kwamba ni panga," akasema.

"Aliyeandika hakuwa na mtoto mwenye homa."

Akatoa kalamu, akaifuta ile sentensi kwenye daftari lake mbele ya wote. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Wiki mbili baadaye Roubeyrol alikuja tena jikoni kwangu. Safari hii kofia ilikuwa mkononi.

"Limoges wameandika barua," akasema. "Wanaleta kundi jingine. Wanamtaka mama wa kijiko. Na Clothilde anasema bila wewe hataki kusimama pale nyuma."

"Nitasimama. Ufunguo ukirudi mahali pake."

Akaangalia ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Miezi yote ile sikuwa nimetundika kitu pale, hata mwiko.

"Mauricette, sisi ni watu wazima."

"Ndiyo maana sijakulazimisha uurudishe kwa magoti."

Aliutoa mfukoni, akanyoosha mkono anipe. Niliendelea kumenya viazi. Alisimama hivyo kitambo, kisha akapiga hatua tatu, akautundika mwenyewe, pale pale alipoung'oa. Sikumkaribisha kahawa.

Akiwa mlangoni akakumbuka. "Na kile kijiko, baraza lingependa kukiweka kwenye kabati la kioo, pale ofisini. Na maandishi chini yake."

"Kina kazi," nikamwambia, nikakichovya kwenye sufuria kuonja kama chumvi imekolea.