Siku Wifi Alipozioka Atomu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameosha vyombo vya maabara ya chuo kwa miaka kumi na tisa. Sisemi sahani. Nasema mirija, chupa za shingo ndefu na bakuli za kioo chembamba ambacho mimi nikikitazama tu kinapasuka. Wanachuo wanamwita Mama Mirija. Shule aliishia ya msingi, kama mimi, lakini masikio hayalipi ada. Masomo yote ya kemia yanafundishwa yeye akiwa kwenye sinki la nyuma, kaligeuzia darasa mgongo, na kila mwaka somo ni lile lile. Walimu wamepita watano. Sinki halijahama, na yeye hajahama.

Ijumaa moja mchana aliingia kwangu bila hodi. Mimi ni fundi wa mito na makochi, na nilikuwa nimejaza sindano mdomoni. Akatua mfuko juu ya cherehani.

"Wifi, nimejifukuza kazi."

Nikachungulia. Ndani mlikuwa na bonge kubwa kama kichwa cha mtoto, jeusi huku, jekundu kule, na vinundu vyeupe kila mahali.

"Kimetapikwa na nani hiki?"

"Ni atomu."

"Atomu si tuliambiwa hazionekani?"

"Za plastiki. Za kufundishia. Nimezioka."

Akajitupa kwenye kochi la mteja, akaeleza. Wanachuo walikuwa wamezishika kwa mikono ya mafuta, akaziosha kwa sabuni. Sasa, pale kwao chombo kikishaoshwa kinaingia kwenye tanuri la kukaushia. Kwa miaka kumi na tisa mkono wake umetoka kwenye sinki kwenda kwenye tanuri, na siku hiyo ukaenda wenyewe wala haukuuliza. Alipofungua mlango, kemia yote ya chuo ilikuwa imekumbatiana.

Jumatatu saa nne kulikuwa na mtihani wa vitendo, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kuunganisha atomu hizo hizo. Mkuu wa maabara, ambaye sasa ndiye mwalimu wa kemia, mzee mmoja wanayemwita Dakika Moja kwa kuwa hajawahi kumpa mtu zaidi ya hiyo, alikwisha kumpa wifi barua ya onyo mwaka uliotangulia. Barua ya pili ni ya kuondoka. Na kwa wifi mna watoto watatu na mume ambaye kazi yake kubwa ni kutoa maoni.

"Basi tuzishone," nikasema. "Matambara ninayo gunia zima."

Akanitazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. "Kaboni nyeusi, ishirini na nne. Oksijeni nyekundu, kumi na mbili. Haidrojeni nyeupe, sitini."

"Sitini! Hizo utapata vifungo vya shati."

"Vinafaa. Haidrojeni ni kadogo, kenye mkono mmoja tu."

Jumamosi asubuhi tukaanza. Nilishona kitufe cheusi cha kwanza, mviringo kama ndimu, nikakijaza sufi, nikakitia vifungo vya kubana, vile vya dume na jike. Wifi akacheka hadi akashika mbavu.

"Sasa dume kwa dume vitashikanaje? Kaboni inashikana na kaboni mwenzake, wifi. Ndiyo kazi yake kubwa duniani."

"Basi nieleze, profesa."

Akanieleza huku anakata kamba. Atomu ina kiini katikati, na elektroni zinakizunguka. Kaboni inazo sita. Mbili za ndani zimekaa karibu na kiini, hazitoki, hazina habari na mtu. Nne za nje ndizo zenye kiherehere. Zinataka ziwe nane, na hazinyang'anyi. Kila elektroni inatafuta mwenzake wa atomu jirani, huyu anatoa moja, yule anatoa moja, jozi inakuwa ya wote wawili.

"Chumvi ndiyo mmoja anatoa na mwingine anapokea," akasema. "Hizi zetu zinachangiana."

"Kumbe zimemshinda kaka yako."

"Usimtaje kaka yangu nikiwa na mkasi."

Hapo nikaelewa kazi. Kila elektroni ya nje iwe kamba moja. Kaboni kamba nne, oksijeni mbili, haidrojeni moja. Funga kamba ya huyu na ya yule, fundo ndilo muungano wenyewe. Nikashona nne zangu kama msalaba, akazifumua.

"Si bapa hivyo. Zinakimbiana. Fikiria kigoda cha miguu mitatu, na wa nne unatazama juu."

Nikafumua, nikasonya, nikashona upya. Ya saba nikaipa kamba tano kwa kuchoka, akaikata moja bila kuinua uso. "Kaboni haina tano hata uiombe." Tangu hapo akawa anahesabu kila kitufe kabla hakijaingia mfukoni. Ila Jumapili alipokwenda kuwapikia wanawe, mimi nilishona sita peke yangu, nikazitia mfukoni, nikafunga mfuko. Hilo nililikumbuka Jumatatu, tukiwa tumesimama mbele ya Dakika Moja.

Wifi hakuzunguka. Aliweka bonge mezani. "Mwalimu, nilizioka. Nimeleta nyingine."

"Umezi... nini?"

"Nilizioka. Kwa bahati mbaya."

Mzee akatia mkono kwenye mfuko wetu, akatoa kitufe cheusi. Nikaujua uzi wake mara moja: kilikuwa kimojawapo cha zile sita za Jumapili, ambazo wifi hakuzihesabu. Akaanza kuhesabu kamba kwa ncha ya kalamu, polepole, mtu ambaye siku zote hana muda. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akakigeuza, akatafuta upande wa pili. Hakuna kitu. Nikashusha pumzi hadi karatasi zake zikapepea, akanitazama kwa jicho la nani huyu.

Kisha akafunga kaboni mbili kwa fundo moja, akaizungusha moja, ikazunguka. Akaongeza fundo la pili kando ya lile la kwanza, akajaribu tena. Ikagoma.

"Hii haizunguki," akasema, kama aliyeibiwa kitu kisha akarudishiwa.

"Muungano wa mara mbili hauzunguki, mwalimu," wifi akasema. "Si ndivyo unavyowaambia kila mwaka?"

"Zile za plastiki zilikuwa zinazunguka. Miaka yote nawaambia waamini tu." Akavua miwani, akaifuta. "Waambie waingie."

"Na barua?"

"Barua gani? Dakika moja imekwisha, Mama Mirija. Waambie waingie."

Tukatoka. Wifi akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikakaa naye. Ndani tulisikia msichana akilalamika kwamba kaboni yake imebaki na kamba moja haina mwenza.

"Kasahau haidrojeni," wifi akanong'ona, anapangusa macho.

Siku hizi kwenye mlango wa tanuri pana karatasi kwa mwandiko wa Dakika Moja: PLASTIKI HAPANA. Bonge liko kwangu, linazuia mlango usijifunge. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia ni kemia, na wasiiguse kwa mikono ya mafuta.