Stroberi ya Daktari na Safu ya Marehemu

Simu ya mama mdogo ilimkuta Daktari ameinamia ua, brashi mkononi na chavua puani, na jambo la kwanza alilofanya ni kucheka.

"Zimelala," mama mdogo alisema.

"Kina nani wamelala?"

"Stroberi zako, nani tena? Nimeamka nimezikuta zimejilaza, zote arobaini. Nikadhani ni jua. Nimemwagilia, hata moja haikuinua shingo."

Alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa haliwezekani. Ni kama kuambiwa maji yamegoma kulowesha. Stroberi ile, Namba Sitini na Tatu, alikuwa ameijaribu misimu sita mfululizo, na misimu yote sita ilisimama wima huku jirani zake wakifa.

Kituo kizima cha utafiti kilimwita Daktari, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa mimea, na katika mimea yote aliyoiumba Mungu, yeye aling'ang'ania stroberi. Miaka kumi na moja alikuwa akichukua chavua ya ua la huku na kuipaka ua la kule, akiotesha mbegu zake, akitupa maelfu ya miche na kubakiza michache, yote hayo kwa kutafuta mche mmoja tu ambao mnyauko hautauweza. Mnyauko ni ugonjwa wa kuvu. Kuvu hiyo huingia mizizini, hupanda hadi shingoni mwa mmea, na baada ya wiki kadhaa mmea hujilaza kama mtu aliyechoka na maisha. Mbaya zaidi, ukishaingia shambani hautoki. Unabaki kwenye udongo miaka na miaka, unasubiri.

Ndio huo uliofagia shamba la mama mdogo. Mama mdogo alimlea Daktari tangu ana miaka minne, na shamba lile ndilo lililowalisha wote wawili. Lilipokufa, Daktari alisimama katikati ya matuta, akaahidi kwa kinywa chake, "Mama mdogo, nitakuletea stroberi itakayosimama kwenye udongo huu huu." Watu huahidi mengi shamba likifa. Huyu alikwenda akaifanyia kazi.

Miezi miwili kabla ya simu ile aliipeleka, miche arobaini, ikiwa na vumbi la safari. Haikuruhusiwa. Kamati ya kuidhinisha mbegu mpya ilikuwa bado haijakaa, ingekaa baada ya wiki saba kutoka simu hii tunayoisimulia, na kabla ya hapo mche usitoke getini. Lakini Daktari alijua majibu yake yalivyo, akaona kumchelewesha mama kwa sababu ya mhuri ni ukatili.

Mchana huo huo alikwenda. Alipofika hakucheka tena. Miche yote ilikuwa chini, majani yamepauka pembeni. Alichuchumaa, akang'oa mmoja, akaupasua shingo kwa kisu cha mfukoni. Ndani palikuwa na rangi ya kutu, kutoka mzizini hadi juu. Akapasua wa pili. Akapasua wa tano. Akavifunika vipande kwa kiganja ili mama mdogo asione.

"Ni jua?" mama mdogo aliuliza, amesimama nyuma yake na ndoo.

"Si jua."

"Basi ni nini?"

Daktari aliomba gazeti la zamani. Alifunga miche mitatu kwenye gazeti, akaondoka bila hata kunywa maji aliyokaribishwa.

Kesho yake asubuhi aliingia kwenye banda la plastiki la majaribio na kusimama mbele ya meza kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Meza ilikuwa ile ile. Kulia, trei za Sitini na Tatu, kijani hadi zinakera. Kushoto, ukingoni, trei zenye lebo nyekundu. Hizo zilikuwa aina ya zamani, dhaifu, ambayo ugonjwa wowote ukiikoholea tu inakufa. Kazi yake ilikuwa ni hiyo: kufa. Mizizi ya pande zote mbili huchovywa kwenye kuvu ile ile siku ile ile, na wale wa lebo nyekundu wakifa ndipo unajua kuvu imefanya kazi, kwa hiyo aliyesimama amesimama kwa nguvu zake. Daktari mwenyewe, kwa utani, aliwapa jina miaka ya mwanzo: marehemu watarajiwa. Jina likashika kituo kizima. Na kweli, kila msimu walikufa, tena kwa wakati.

Mzee Bomba, mwenye dhamana ya maji, alikuwa anakunja mpira wake wa kumwagilia.

"Mzee, hawa wa lebo nyekundu unawamwagilia saa ngapi?" Daktari aliuliza. Hata hakujua kwa nini ameuliza. Labda ni kwa sababu udongo wao ulikuwa umepasuka.

Mzee Bomba akacheka. "Daktari nawe kwa utani! Si marehemu hao?"

"Wanapata maji lini?"

"Siku ya kupandwa. Baada ya hapo nawaacha wapumzike."

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu tenki kubwa lilipopasuka. Miaka mitatu sasa. Nikasema maji ni ya kubana, niwape wenye kuishi. Hao ni wa kufa tu, maji ya nini?" Akamtazama, akaona uso wake, naye akaanza kuingiwa na hofu. "Lakini mbona wewe mwenyewe ulinisifu? Ulikuja hapa ukasema, safari hii wamekufa vizuri."

Kweli Daktari alisema hivyo. Aliyakumbuka maneno yake. Akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akakaa hapo hadi Mzee Bomba akamletea maji kwenye kikombe.

Miaka mitatu, misimu sita. Marehemu watarajiwa walikufa kwa kiu. Sasa swali likamjia, na lilimtisha kuliko hata shamba la mama mdogo: kama wao walikufa kwa kiu, kuvu ilikuwa inafanya nini?

Alikwenda maabara, akafungua jokofu. Kuvu yake ilikuwa humo kwenye visahani vya kioo, nyeupe, laini, imenona. Aliipata mwaka wa kwanza, kwenye mmea uliokufa haraka kuliko yote aliyowahi kuona, akaipa jina la Katili. Tangu hapo hakuiacha. Kila baada ya miezi michache aliihamisha kutoka kisahani hadi kisahani, juu ya ute mgumu uliopikwa kwa viazi na sukari, na alijivuna mbele ya wageni kwamba Katili wake hajawahi kumpotea. Na huyu ndiye mwalimu anayewaambia wanafunzi kila mwaka kwamba kuvu ya majaribio hurudishwa kwenye mmea, ikachukuliwa upya kutoka mmea unaokufa, kwa sababu ikilishwa mno visahanini inalegea. Aliwaambia wengine. Yeye alikuwa na Katili. Kumbe Katili alikuwa paka anayelishwa maziwa mezani, ameshasahau panya.

Hakumwambia mtu. Alitoa kuvu mpya kwenye shingo za miche ya mama mdogo, akaikuza, akachovya mizizi ya Sitini na Tatu humo. Kwenye trei nyingine akapanda marehemu watarajiwa waliochovywa kwenye Katili. Zote mbili alizimwagilia mwenyewe, kwa kikombe, asubuhi na jioni. Mzee Bomba alisimama mbali na mikono nyuma, hathubutu kugusa hata bomba.

Wiki ya tatu Sitini na Tatu ililala yote. Wiki ya nne marehemu watarajiwa wakatoa maua. Meupe, mengi, na nyuki akaja. Daktari alimwona nyuki yule akasikia haya usoni kama mtu aliyekamatwa anaiba.

Mkurugenzi wa kituo alipoambiwa alitoa macho, kisha akafunga mlango. "Shamba la mama yako mdogo si jaribio rasmi," alisema kwa sauti ya chini. "Nani ameliona?"

"Mimi."

"Miaka kumi na moja, Daktari! Na wewe umebakiza minane tu ustaafu."

"Wakulima watapanda, mkubwa. Watapanda kwenye udongo kama ule."

Siku ya kamati aliingia na trei mbili, akaziweka juu ya meza mbele ya watu saba. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mizito, alitabasamu kwa ile yenye maua. "Hongera sana! Kweli imesimama." Mjumbe mmoja akaanza kupiga makofi.

"Hiyo ni ile aina dhaifu ya zamani," Daktari alisema. "Yangu ni hii iliyokufa."

Makofi yakakatika. Aliwaeleza kila kitu, kuanzia jokofu. Habari ya kiu aliiweka shingoni mwake mwenyewe, kwamba jina la marehemu alilitoa yeye na hakuna aliyemweleza mwenye bomba kwa nini hata wa kufa lazima wanywe. Kisha akaomba karatasi ya maombi yenye sahihi yake, akaikata sahihi kwa mstari.

Jioni alimpigia mama mdogo. Ilikuwa simu ngumu kuliko kamati.

"Kwa hiyo haikuwa jua," mama mdogo alisema baada ya kusikiliza yote.

"Ilikuwa mimi. Nisamehe, mama mdogo. Naanza upya. Ile miche niliyotupa zamani, sijui hata kama ule wa kweli haukuwa humo."

"Itachukua muda gani?"

"Kumi na moja tena. Labda tisa, nikijitahidi. Hata nikistaafu nitaendelea."

Kuku walisikika nyuma.

"Mwanangu, mimi nina themanini na moja."

"Najua."

"Sikulaumu, nakukumbusha tu. Na hiyo mipya utaijaribia wapi, tena kwenye visahani?"

Daktari alifuta macho kwa mkono wa koti. "Kwako. Udongo wako ndio wenye ugonjwa wa kweli. Nilikuwa nataka kukuomba."

"Sasa hiyo ndiyo akili. Chukua shamba lote." Mama mdogo alikohoa, akatafuta pumzi. "Ila Jumamosi hii njoo uchukue ufunguo wa geti. Nisije nikaondoka nao."

Daktari alitaka kumwambia asiseme hivyo. Aliishia kuitikia kwa kichwa, peke yake, na simu sikioni.